Chupa za Mama kwenye friji la Mpendae: kuna mtu mpaka leo namshuku

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni wale wa kusoma kimya kimya, nacheka na kuondoka. Leo nimeamua kuandika ya kwangu. Yote yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu mhusika mmoja yuko hai na ana wajukuu wanaojua kuperuzi.

Ni uzi mrefu. Mwenye haraka apite salama.

Kwanza mnijue. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nafanya kazi bandarini Unguja, upande wa kukagua mizigo. Kazi yenyewe ni kutomwamini mtu. Mtu anakuapia kwamba boksi lina nguo za watoto, unafungua unakuta redio za gari. Mwengine analia kabisa, machozi ya kweli, na chini ya mchele wake kuna vitenge ambavyo havikulipiwa kitu.

Ukiifanya kazi hiyo muda mrefu unaihamishia nyumbani. Mke wangu wa sasa ananiita Forodha. Akiniletea chai nachungulia kwanza ndani ya kikombe. Sijui natafuta nini, lakini nachungulia.

Sasa twende.

Tulikuwa tunakaa Kikwajuni. Mimi, Mama, kaka yangu na mkewe. Mama nitamwita Bi Zena. Shemeji yangu nitamwita Rukia. Alikuwa mhudumu wa zahanati, kuchoma sindano anajua vizuri kuliko kupika, na hilo hata yeye halikatai.

Mama alianza kuvimba tumbo. Majirani wengine wakawa wanatania kwamba Bi Zena kapata mimba ya uzeeni, na yeye anacheka nao. Halafu kicheko kikakatika kwa sababu tumbo liliendelea kupanda na yeye akawa anakonda. Alipopelekwa Dar wakasema ni saratani ya ovari. Akafanyiwa upasuaji, kisha akapangiwa chemo, mizunguko kadhaa, kila mara avuke aende Dar na arudi.

Mzunguko wa kwanza ulimchapa. Alirudi nyumbani, akapata homa kali, tukamkimbiza hospitali. Tukaelezwa kwamba chemo inaua seli za saratani lakini inaua pia seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Zikishuka sana, mafua tu yanaweza kukuzika. Na jambo baya zaidi: zikiwa chini siku ya mzunguko unaofuata, hupewi chemo. Unarudishwa nyumbani usubiri. Na wakati wewe unasubiri, saratani haisubiri.

Hilo lishikeni, ndilo kila kitu kwenye kisa hiki. Seli zikipanda, Mama anapata dawa kwa wakati. Zisipopanda, anarudishwa.

Ndipo wakaja watu wa utafiti, tulipokuwa Dar kwa mzunguko wa pili.

Alikuwepo daktari mgeni, mrefu, mpole, na nesi wa kumtafsiria. Wakasema kuna sindano mpya ya kuusukuma mwili uzalishe seli nyeupe haraka. Wanataka kuijaribu kwa wagonjwa wa chemo. Anayekubali atapewa chupa zake ndogo akachomwe nyumbani, siku kadhaa mfululizo baada ya kila mzunguko.

Lakini, akasema yule nesi, nusu ya wagonjwa watapata dawa yenyewe na nusu watapata maji ya chumvi. Chupa zinafanana. Mgonjwa hajui kapata ipi.

Nikauliza, "Na daktari anajua?"

Nesi akamuuliza. Akarudi na jibu kwamba hata daktari hajui. Orodha imefungiwa mahali mpaka mwisho.

Wakuu, nilisimama. Miaka yote bandarini, mtu akiniambia hajui kilichomo ndani ya boksi lake mwenyewe, huyo hapiti. Huyo ndiye namfungulia mpaka mishono ya begi. Leo nimuamini mtu anayetaka kumchoma mama yangu kitu asichokijua? Nikamwambia Mama tuondoke, hawa wametuona panya.

Mama akanitazama. "Wewe kazi yako kufungua mizigo ya watu bandarini. Hapa si bandarini." Akakubali. Akatia saini mbele yangu, bila hata kunitazama mara ya pili.

Sasa, pale wodini Dar, Mama alipata rafiki. Nitamwita Bi Mize. Mtu wa Jambiani, mkulima wa mwani, mikono yake imechanika chanika kwa kamba na maji ya chumvi. Ugonjwa ni ule ule, dawa ile ile, na yeye pia akaingia kwenye utafiti ule.

Lazima niseme ukweli kuhusu familia yetu. Upande wa Mama ni wale waliokuwa na mashamba ya karafuu zamani, na shangazi zangu bado walikuwa wanatembea kana kwamba mashamba yapo. Waliposikia Bi Zena anakula sahani moja na mwanamke wa mwani, walinong'ona. Mama hakuwajali. Aliniambia yule ndiye mtu pekee anayeelewa akisema mdomo una ladha ya msumari.

Bi Mize wakati wa matibabu alihamia kwa binti yake, mtaa wa Mpendae hapa mjini, kwa sababu Jambiani ni mbali na hakukuwa na mtu wa kumchoma. Binti yule alikuwa anauza malai, zile barafu za maziwa, kwa hiyo friji lipo. Watu wa utafiti wakapanga Rukia awachome wote wawili, Mama pale nyumbani na Bi Mize kule Mpendae. Kila mgonjwa akapewa boksi lake la chupa zenye namba yake. Za Mama ziliishia na saba, za Bi Mize na nane. Chupa tupu zote zirudi Dar, kila mtu na zake.

Namba hizo nilizikariri siku ile ile. Nina ugonjwa wa namba.

Tukaanza. Rukia anamchoma Mama tumboni asubuhi. Siku ya pili, ya tatu hivi, Mama akaanza kulalamika mifupa. Kiuno, mapaja, kifua. Maumivu ya ndani kabisa. Analala kwenye mkeka anajikunja. Mimi nikawaka moto, nikasema si niliwaambia, hii sumu. Rukia akasema ni kawaida, sindano ile inauchosha uboho wa mifupa ndiyo unauma.

Basi siku ya mzunguko wa tatu ilipofika, damu ya Mama ilikuwa nzuri. Seli nyeupe zimepanda. Akapewa chemo yake kwa wakati.

Bi Mize akarudishwa. Seli ziko chini. Mama anasema alimwona pale benchi amejifunika mtandio usoni, mabega yanatikisika. Walirudi pamoja kwenye boti, na Mama alipofika nyumbani hakula.

Baada ya hapo ndipo mambo yakaanza kunukia.

Mama alianza kumpikia Bi Mize. Hilo si ajabu, sisi ni watu wa kupelekeana vyakula, na chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kila Rukia akienda Mpendae kuchoma sindano anabeba hotpot mbili, nyekundu na ya kijani. Akirudi anazo mbili vile vile, kuna pweza, kuna muhogo wa nazi, tunakula.

Siku moja nikamsaidia Rukia kuzibeba mpaka mlangoni. Nyekundu ya moto. Ya kijani baridi.

Si baridi ya chakula kilichopoa, wakuu. Baridi ya barafu. Nje imetoa jasho.

Nikamuuliza shemeji, humu muna nini? Akasema juisi ya ukwaju. Akainyakua. Juisi ya ukwaju kwenye hotpot! Nimeyasikia maelezo mengi bandarini lakini hilo lilikuwa jipya.

Mkaguzi mzuri hapigi kelele, anangoja mzigo uje wenyewe. Rukia alipoondoka nikafungua friji letu. Kwenye boksi la Mama, katikati ya chupa za saba, zimo za nane.

Nikazihesabu mara mbili.

Mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja. Shemeji anaiba dawa ya Mama. Anauza mjini kwa watu wa famasi, halafu kwenye boksi anajazia chupa za maji za yule bibi wa watu. Kwa nini mtu achukue chupa za mgonjwa mmoja azitie kwa mwengine kama hakuna biashara? Nikakumbuka ana kitambaa kipya cha dirisha. Nikakumbuka viatu. Mtu ukishamshuku, hata kandambili zake zinakuwa ushahidi.

Sikumwambia kaka. Angenifukuza au angemfukuza mkewe, na vyote viwili sikutaka kabla sijaushika mzigo mkononi.

Siku iliyofuata nikatoka kazini mapema, nikaenda Mpendae kwa kisingizio cha kumjulia hali mgonjwa. Nikapiga hodi. Binti yake akanikaribisha. Bi Mize alikuwa amekaa ukumbini kajifunga leso kichwani, mwembamba, lakini macho makali.

"Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba mwanangu. Bi Zena hajambo?"

Hajambo, nikasema. Nikaomba maji ya baridi. Binti akainuka, nikamwambia kaa dada nitachukua mwenyewe, na kabla hajanizuia nshafungua friji. Malai zimepangwa. Mlangoni kuna kibakuli kimefunikwa. Nikakifunua. Chupa za saba. Za Mama. Zimefungwa kwenye kitambaa cha jikoni kwetu ambacho Mama alikidarizi kwa mkono wake.

Nikakileta kile kibakuli ukumbini nikakiweka mbele ya Bi Mize. Nikauliza hizi zimefikaje hapa.

Nilitegemea aape. Hakuapa. Alikifunika tena kibakuli.

"Kaa kitako kwanza," akasema. "Mamako hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Tunagawana. Leo nachomwa chupa yangu, kesho nachomwa ya mamako. Naye vivyo hivyo. Mzungu kasema mmoja dawa, mmoja maji, na hajui nani kapewa nini. Mamako akasema basi tuchanganye, kila mtu apate kidogo. Rukia alikataa, mamako akamlilia."

Nilikaa kitako, si kwa sababu nilialikwa.

Kwa hiyo hakuna wizi. Hakuna famasi. Kuna wanawake wawili wameufanya utafiti wa watu sinia la wali, na shemeji yangu ndiye anayezigawa tena chupa tupu kila mtu na namba yake kabla hazijapelekwa Dar ili wazungu wasijue.

Nilitembea kwa miguu mpaka Kikwajuni kwa hasira. Nikamkuta Mama anachambua mchele.

Nikamwambia nimetoka Mpendae. Hakuinua uso.

"Umefungua friji la watu," akasema.

"Mama, unafanya nini?"

"Yule nimelala naye chumba kimoja. Nimekula naye sahani moja. Nywele zetu zimeanguka pamoja, tukafagia pamoja. Leo mimi nipewe yeye anyimwe, nitamtazama kwa jicho gani?"

"Na kama dawa ndiyo yako?"

"Na kama ni yake? Si nami nitapata?"

Hesabu yake ilikuwa imekaa sawa, ndiyo iliyoniuma. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kwa daktari. Nililifikiria sana hilo. Ningesema, wangetolewa wote wawili kwenye utafiti, na hata hiyo nusu wangeikosa. Na sitaficha, kuna sehemu ndani yangu ilifurahi. Wale waliojifanya hawajui kilichomo ndani ya boksi, sasa kweli hawajui.

Furaha haikudumu.

Mzunguko uliofuata nilivuka na Mama. Bi Mize damu yake ilikuwa nzuri kwa mara ya kwanza. Akapewa chemo. Ya Mama ilikuwa chini. Mama akarudishwa.

Daktari aliyashika majibu ya wote wawili, hili mkono huu, lile mkono ule. Akayatazama, akawatazama, halafu akanitazama mimi. Wakuu, mtazamo ule naujua. Ndivyo mimi ninavyomtazama mtu mwenye boksi la nguo za watoto.

Nesi akauliza kwa niaba yake, "Kuna jambo lolote limebadilika nyumbani?"

Mama alikuwa ananitazama. Nikajibu hakuna.

Njiani kurudi nikambembeleza. Nikamwambia Mama, imeshajulikana, dawa ni yako. Ulipochomwa zako tu ulipanda. Sasa mmechanganya wewe umeshuka yeye kapanda. Inahitaji nini tena? Acha, chukua zako zote. Nikamwambia na mimi ni mwanao, mimi je?

Alikuwa kafunga macho. Nikadhani kalala. Halafu akasema, "Yameshapita hayo, mwanangu. Usinichoshe."

Waliendelea kugawana mpaka mzunguko wa mwisho. Mara nyengine Mama anapata kwa wakati, mara nyengine anarudishwa. Mimi nikawa naamka nachungulia friji, nahesabu za saba na za nane, nafunga. Hotpot ya kijani ikawa inatoka na kurudi.

Utafiti ukaisha. Wakaitwa wagonjwa Dar waambiwe nani alipata nini. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya kiti cha Mama.

Nesi akasoma. Bi Zena, dawa. Bi Mize, maji ya chumvi.

Bi Mize akapiga ukelele mdogo, akamshika Mama mkono, akaanza kulia kwa sauti. "Bi Zena, hukujua! Wallahi hukujua!"

Mama akalitengeneza buibui lake begani. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nilijua zamani. Maji hayaumizi mifupa."

Daktari akauliza amesema nini. Yule nesi alimtazama Mama, akanitazama mimi, halafu akamwambia daktari kwamba bibi anashukuru.

Mimi nilitoka nje. Nilikuwa na hasira na mama yangu ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na wakati huo huo nilitamani kumbusu miguu. Mambo hayo mawili hayakai kifua kimoja, lakini yalikaa.

Saratani ya Mama ilirudi. Haikuchukua muda mrefu sana. Alifia Kikwajuni, chumbani kwake, na Bi Mize ndiye aliyekuwa anamlowesha midomo kwa maji.

Nina jamaa daktari. Aliniambia ugonjwa ule una tabia ya kurudi, kwamba hata angechomwa chupa zake zote huenda ungerudi vile vile, hakuna anayeweza kusema. Labda ni kweli. Labda ananionea huruma. Mnanijua.

Bi Mize yuko hai. Mzee sasa, karudi Jambiani, mwani kawaachia wanawe. Kila sikukuu analeta hotpot ile ile ya kijani, imepauka, mfuniko umepasuka, ndani kuna pweza wa nazi. Mke wangu anairudisha na kitu ndani. Haijawahi kwenda tupu wala kuja tupu.

Sasa lile linaloninyima raha, na ndilo lililonileta humu.

Mama alijua kwa sababu ya mifupa. Sawa. Lakini Rukia aliniambia baadaye sana, tukiwa tunaongea tu, kwamba walipoanza kugawana, Bi Mize naye alikuwa analalamika mifupa. Kiuno, mapaja. Na ilimshika katika siku za chupa za Mama. Kwenye siku za chupa zake yeye, kimya.

Hakuumwa hata mara moja kabla ya hapo. Mtu mwenye akili kama zile, mtu anayejua kusoma maji yakipwa na yakijaa ili asiukose mwani wake, asione hilo?

Kile kilio siku ile Dar. "Wallahi hukujua." Alikuwa anamwambia Mama, au alikuwa anajisemea mwenyewe?

Simlaumu, maana hata kama alijua, alikuwa anataka kuishi, na Mama ndiye aliyempa kwa mkono wake. Wala simsamehe, maana sina hakika kama kuna la kusamehe. Namshuku tu. Miaka yote hii namshuku na nakula pweza wake.

Nilichojifunza, nikisema kwa ufupi: bandarini niliamini kwamba ukishafungua boksi umejua kilichomo. Nilifungua friji mbili, nikaona chupa kwa macho yangu, nikajua nani alipewa nini na nani alimpa nani. Kilichokuwa vifuani mwa wale wanawake wawili sikukifungua mpaka leo, na mmoja kashaondoka nacho.

Sikukuu iliyopita Bi Mize alikuja mwenyewe, kashikwa mkono na mjukuu. Akaiweka hotpot mezani. Mimi kama kawaida yangu nikaigusa kwanza ubavuni kabla sijaifungua. Akaniona.

Akacheka kidogo, akasema, "Ya moto mwanangu. Siku hizi ya moto."

Swali lilinifika mdomoni. Nikalirudisha, nikasema karibu Bi Mize, kaa tule.

Sasa nyie wakuu mnaonaje? Atakuja tena sikukuu hii, na kwa umri wake sijui kama kuna nyengine. Nimuulize, au nile ninyamaze? Waliouguza watu wao na chemo nataka hasa kuwasikia. Wa kunitukania mama kwamba alikuwa mjinga, huyo asihangaike kuandika.